Viatu Chini ya Mlango

Watu huficha vitu kwenye viatu, jamani, nyie acheni tu. Fundi viatu akishakaa kwenye kazi miaka ishirini anajua siri za mtaa kuliko daktari. Anabandua soli ya ndani, anakuta picha ya mwanamume ambaye si mwenye nyumba. Anabandua nyingine, anakuta barua ya kuachishwa kazi ambayo mke wa mwenye kiatu hajaiona wala hataiona. Fundi mwenye adabu zake anarudisha kitu palepale, anapaka gundi juu, anaendelea na shughuli zake. Fundi Kimo alikuwa na adabu hizo. Alikuwa mlevi, hilo tusifichane, tena mlevi wa kutupwa, lakini siri za watu hazikumtoka hata akiwa chakari.

Jina la Kimo alipewa na wateja. Viatu vya kawaida alitengeneza kama mafundi wengine, ila kazi yake hasa ilikuwa viatu vya watu ambao mguu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake. Unampelekea karatasi ya vipimo kutoka hospitali, naye anapandisha soli ya mguu mfupi, tabaka juu ya tabaka, mpaka unasimama wima huku unashangaa dunia kumbe haijapinda. "Nimekuongezea kimo," anakwambia, na wewe unacheka, na yeye anacheka, na siku hizo ukimsogelea unasikia harufu ya kilichomo kwenye sanduku la kalibu, zile nyayo za mbao za kuvalishia viatu, nyuma ya zile za namba kubwa ambazo hazina wateja.

Siku hadithi hii inapoanzia alikuwa peke yake kibandani. Kila siku alikuwa peke yake. Mkewe alikuwa ameondoka miezi mitano nyuma, ameondoka na binti yao na cherehani yake, na hakwenda mbali. Alikwenda kwa dada yake, mitaa mitatu tu kutoka pale. Hilo ndilo lililomuuma Fundi. Mtu akienda nchi ya mbali unajisemea njia ni ndefu, lakini mitaa mitatu utasema nini?

Basi akaja bibi mmoja mnyoofu, nywele nyeupe, mkoba kwapani. Akaweka kiatu kimoja juu ya meza. "Kinanibana," akasema, akaenda zake.

Fundi akakigeuza, akakipapasa, akaingiza mkono. Hakuona kinachobana. Akabandua soli ya ndani, na huko chini akakuta karatasi iliyokunjwa vizuri, imeandikwa kwa herufi za mtu aliyeandika maisha yake yote: *Kama pombe imekushinda, hauko peke yako. Jumamosi saa kumi jioni, chumba cha nyuma ya zahanati. Njoo ukae tu.*

Akairudisha palepale, akapaka gundi, akagonga. Bibi alipokuja kuchukua kiatu chake hakumuuliza kitu, wala bibi hakusema kitu zaidi ya "Sasa hakibani, ahsante." Yule bibi akatoka, Fundi akafungua sanduku la kalibu, akanywa.

Lakini maneno yakishaingia kichwani hayatolewi kwa nyundo. Jumamosi, saa kumi na dakika chache, Fundi akajikuta yuko nyuma ya zahanati. Anapita tu, alijiambia. Kuna mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijivu na dirisha dogo pembeni. Akachungulia. Ndani kulikuwa na viti saba vya plastiki vimepangwa duara, birika juu ya meza, saa ya ukutani, na yule bibi wa kiatu amekaa kwenye kiti kimoja, peke yake, anaongea. Anaongea na viti! Tena kwa utulivu, mikono mapajani, anaeleza jinsi alivyokuwa anaficha chupa kwenye gunia la barua.

"Haya, huyu pombe ndiyo imemla akili kabisa," Fundi akasema moyoni, akageuka, akaenda moja kwa moja baa.

Jumamosi iliyofuata akarudi. Usiniulize kwa nini, hata yeye hajui. Safari hii hakuchungulia, alisimama tu mlangoni, akasikia sauti za wanaume wawili na ya bibi. Akasimama nusu saa kama mlinzi. Jumamosi ya tatu akasimama tena, na angeondoka tena, ila alibanwa na kikohozi. Akajizuia, machozi yakamtoka, akashindwa, akakohoa kama gari bovu. Mtu mzima akishakohoa mlangoni kwa watu, kukimbia ni aibu. Akasukuma mlango.

"Karibu, Fundi," yule bibi akasema. "Viatu vyako vimekutangulia wiki mbili."

Bibi akanyoosha kidole chini. Aliyetengeneza ule mlango alikuwa ameukata kupita kiasi, chini kumebaki nafasi ya vidole vinne, na mwanga wa nje unaingia. Mtu yeyote akisimama nje, waliokaa ndani wanaviona viatu vyake. Siku ile ya kwanza bibi hakuwa akiongea na viti. Alikuwa akiongea na viatu vya Fundi.

"Na kile kiatu chako kilikuwa kinabana wapi?" Fundi akauliza.

"Wee kunywa chai," bibi akajibu.

Walimwita Mama Stempu, kwa sababu alikaa dirishani posta miaka thelathini akigonga mihuri. Wengine wawili walikuwa Dereva, aliyeendesha gari la taka, mtu wa miraba minne mwenye sauti ya mtoto, na Mwalimu, aliyefundisha hesabu na kuhesabu kila kitu, hata vijiko vya sukari vya wenzake. Basi, kikundi chote ndicho hicho. Sheria zao zilikuwa chache. Kikao ni saa nzima, hata akija mtu mmoja. Aliyepo anaongea ukweli wake, hasemi wa mwenzake. Aliyesimama nje hafunguliwi, atafungua mwenyewe akiwa tayari. Na la mwisho, hakuna anayetoka pale akaenda kusema nani alikuwepo na nani hakuwepo.

Hii ya mwisho ndiyo iliyokuja kumkaba Fundi koo, na ili uelewe inabidi nikwambie habari ya mtoto.

Binti yao alipewa jina la shangazi yake Fundi, basi nyumba nzima ilimwita Shangazi, mtoto wa miaka minane, na yeye akajibeba kishangazi kweli, mikono kiunoni, anamkaripia baba yake kwa kuvaa shati kinyume. Shangazi alizaliwa na mguu wa kushoto mfupi. Tangu aanze kutembea hajavaa kiatu cha mtu mwingine zaidi ya cha baba yake. Kila akikua, hospitali wanampima, baba anatengeneza.

Sasa kuna jambo moja kwenye kazi ile. Kiatu unakipakata kikiwa kimepinduliwa, soli juu, na kikiwa hivyo cha kushoto kinafanana na cha kulia, na cha kulia kinafanana na cha kushoto. Kwa hiyo fundi anayejua kazi, kabla ya kushika kisu, anachukua chaki na kuweka alama kwenye kiatu cha mguu mfupi. Mwanafunzi anafundishwa hilo siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa gundi inakaa wapi. Fundi Kimo aliweka chaki miaka ishirini. Siku ya viatu vya Shangazi alikuwa amekunywa tangu asubuhi, na hakuweka.

Akapandisha kiatu cha kulia. Aliongeza urefu kwenye mguu ambao tayari ndio mrefu!

Akampelekea mtoto, akamvalisha mwenyewe, anayumba, anamwambia, "Hivi ndivyo viatu bora kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza." Mtoto akasimama, akajaribu hatua moja, akamtazama baba yake usoni. Akasema, "Ahsante, Baba." Akavivaa kwenda shule siku tisa, kiuno kimepinda, hasemi kitu. Siku ya kumi akaanguka ngazi za shule, akavunjika mkono.

Fundi alifika hospitali akaviona vile viatu vimewekwa chini ya kitanda, pombe yote ikamtoka kichwani pale pale. Alijua. Na alifanya nini? Alirudi kibandani mbio, akaitafuta karatasi ya vipimo, akaitia kwenye moto. Kisha akamwambia mkewe, bila kupepesa macho, "Wao ndio walioandika kulia. Mimi nimefuata karatasi."

Mkewe akapandwa na hasira, akaenda hospitali kupigania mtoto wake. Aliyepima alikuwa mtu mpole asiyejua hata kujitetea, akaitwa mbele ya wakubwa wake. Jioni mkewe akarudi kimya. Akapika, akapakua, hakulizungumzia tena, si siku ile wala siku nyingine. Fundi akatengeneza viatu vingine, safari hii kwa chaki, akashukuru kwamba mambo yamepita. Miezi minne baadaye mke akafungasha.

Sasa mtoto alikuwa na miaka tisa na vile viatu vimeanza kumbana. Fundi alizipata habari kwa shemeji yake, dada wa mkewe, mwanamke mwenye mdomo kama kisu, aliyepita kibandani kubadilishiwa kisigino.

"Shangazi wako anakanyaga kwa vidole," shemeji akasema. "Dada anatafuta fundi mwingine."

Moyo ulimpasuka Fundi. Fundi mwingine! Akaweka nyundo chini. "Shemeji, mwambie nimeacha. Sasa ni miezi miwili na nusu. Nakwenda kikaoni kila Jumamosi."

Shemeji akacheka mpaka akashika meza. "Kikaoni! Shemeji, si ulishawahi kwenda kikaoni wewe?"

Na kweli alishawahi. Mwaka ule wa mwisho, mkewe alipomsihi aende kuonana na mshauri, Fundi alikuwa anaoga, anavaa shati lililopigwa pasi, anaaga vizuri, kisha anakwenda kukaa baa saa nzima na kurudi anatafuna pipi za mnanaa. Mara sita alifanya hivyo. Mkewe alikuwa anampigia pasi shati lile kwa mikono yake.

Siku mbili baadaye shemeji akarudi na jibu, safari hii hacheki. "Amesema hivi, nanukuu. Atakuja kuona kwa macho yake. Siku anayoitaka yeye, bila kukuarifu. Akikuta ni kweli, atakupa vipimo vya mguu wa mtoto. Akikuta ni yale yale, usahau. Si kiatu tu. Usahau yote."

Jumamosi ile Fundi akawahi kikaoni roho juu. Akamweleza Mama Stempu. "Wewe unamjua mke wangu, anapita pale kwako. Mwambie tu. Neno moja. Mwambie, ndiyo, anakuja."

"Alishaniuliza," Mama Stempu akasema, anapanga vikombe. "Juzi, njiani."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, mumeo yupi?"

Fundi akataka kulia na kumrushia kikombe kwa wakati mmoja. "Mama! Ungesema ndiyo tu! Ungepungukiwa na nini?"

Mama Stempu akamtazama kwa yale macho yake yaliyoanza kuingia ukungu. "Leo nitakwenda kusema ulikuwepo. Siku ukikosa, niende pia kusema hukuwepo? Na Dereva nimsemee kwa mamaye? Na wewe ukitoka hapa useme mimi nilitapika wapi? Sikiliza, Fundi. Mlango huu ukianza kutoa ushahidi, hakuna atakayeusukuma."

Fundi akanywa chai yake, imejaa hasira na sukari.

Basi wiki zikapita. Jumamosi Fundi anafika mapema, anatazama ile nafasi chini ya mlango kuliko anavyotazama nyuso za wenzake. Haji mtu. Siku za wiki ni kibanda, nyundo, chumba. Marafiki wa baa walikuwa wakipita mwanzoni, wakimtania, "Fundi umeokoka?" Wakachoka, wakaacha kupita. Hilo hakuna aliyemwonya. Ukiacha pombe, jioni inakuwa ndefu kama foleni ya hospitali, na huna wa kumwambia hata kwamba chumvi imekwisha. Kuna siku alizungumza na redio. Redio ilisema "habari za jioni," yeye akaitika "nzuri," kisha akaketi kitandani akajionea huruma kwelikweli.

Wiki ya kumi na tano Mama Stempu akampa ufunguo. Alikuwa anakwenda kupasuliwa jicho. "Jumamosi hii utafungua wewe. Panga viti vyote saba. Chemsha maji. Saa nzima, Fundi."

"Hata nikiwa peke yangu?"

"Wewe ulinikuta na wangapi?"

Ijumaa Mwalimu akatuma ujumbe kwamba ameitwa kusahihisha mitihani mji mwingine. Jumamosi yenyewe, saa tisa na nusu, Dereva akapiga simu na ile sauti yake ya mtoto. Gari limekwama dampo, matope mpaka kwenye ekseli, hawezi kufika. "Nisamehe, kaka."

Fundi akafungua chumba. Akapanga viti saba, akachemsha maji ya watu saba, akatoa kikombe kimoja. Ukutani saa ikafika kumi. Akakaa. Harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, tone la bomba la nje, basi. Akaona haya. Mtu mzima, fundi, anajua kazi yake, amekaa katikati ya viti kama aliyesahauliwa na mkutano.

Saa kumi na dakika kumi na nne, mwanga chini ya mlango ukakatika mahali pawili. Viatu.

Vilikuwa vyeusi, vya kike, vya mkanda. Kisigino cha kushoto kilikuwa cha ngozi ya kahawia iliyopakwa rangi nyeusi, kwa sababu siku kile kilipong'oka ngozi nyeusi ilikuwa imekwisha kibandani na mwenye kiatu alikuwa na haraka ya harusi. Rangi ilikuwa imebanduka ukingoni. Fundi aliijua ile kahawia. Aliikata mwenyewe, akaigonga mwenyewe, na mwenye kiatu alikuwa amekaa pembeni yake peku, anamharakisha, anacheka.

Jumamosi zote kumi na tano, na amekuja hii! Amekwisha kuchungulia dirishani, lazima, na ameona nini? Viti sita vitupu na mume wake katikati. Kikao gani hicho? Yule ni yule yule wa shati la pasi. Fundi akainuka nusu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, mazuri, yamepangana: Dereva amekwama, Mwalimu ana mitihani, mama anapasuliwa jicho. Yote kweli. Na yote yangesikika uongo mtupu, maana uongo wake siku zote ulikuwa hivyo hivyo, una gari bovu na mgonjwa ndani yake.

Aliyesimama nje hafunguliwi. Akakaa tena, na hicho kitendo cha kukaa kilikuwa kizito kwake kuliko kuacha pombe.

Akakohoa. Akasema kwa sauti, "Mimi ni mlevi. Leo nina siku mia na nne sijanywa." Sauti ikampendeza, akaipandisha kidogo ifike mlangoni. "Nimebadilika sana. Namshukuru Mungu, sasa hivi mimi ni mtu mwingine kabisa, nyumba naisafisha, napika mwenyewe, kazi naifanya kwa..."

Akanyamaza. Ilikuwa sauti ile ile ya kumuuzia mteja kiatu kilichomkataa. Viatu vya nje havikusogea. Saa ukutani ikaendelea na kazi yake. Fundi akaangalia mikono yake, kucha zina gundi, na akaona hana kitu kingine cha kusema isipokuwa kile, na akajua akikisema amekwisha. Mwanamke anaweza kumsamehe mlevi. Je, anaweza kumsamehe mtu aliyemtuma kwenda kumtukana asiye na kosa?

Akasema, chini chini, kama vile viti vimemuuliza.

"Mtoto wangu nilimwangusha mimi. Karatasi iliandikwa kushoto. Wale watu wa hospitali hawakukosea kitu. Mimi sikuweka chaki. Nilikuwa nimelewa, nikapandisha cha kulia, nikamwambia hivi ndivyo viatu bora. Akavivaa siku tisa. Alijua siku ile ile ya kwanza, nilimwona usoni kwamba amejua, akanyamaza kwa ajili yangu. Mtoto wa miaka minane. Karatasi nikaichoma. Nikamdanganya mke wangu, na nikamwacha aende kugombana na mtu wa watu, anapigania haki ambayo mimi ndiye niliyeitia moto. Kila nikitaka kunywa ni hilo ninalotaka kulisahau. Sijamwambia mtu. Hata hapa, wiki kumi na tano, nimewaambia mengine yote, hili nimewaficha."

Kisha akalia, akalia vibaya, na kamasi, bila kujali nani anasikia. Hakuna mkono uliomgusa bega. Hakuna aliyemwambia pole. Ndivyo chumba kilivyo kikiwa kitupu.

Alipofuta uso akasikia kitu kinakwaruza sakafu. Karatasi ilikuwa inapita chini ya mlango, inasukumwa kwa vidole, taratibu. Ikaingia yote. Vile viatu vikageuka, kile kisigino cha kahawia kikaonekana mara moja, mwanga ukarudi mzima chini ya mlango. Hatua zikasikika kwenye kokoto, zikaisha.

Saa kumi na dakika arobaini na nane. Zilibaki dakika kumi na mbili, na Fundi akazikaa zote. Angeweza kukimbia akamfikia kabla ya barabara, na kila mshipa wa mwili wake ulimwambia akimbie. Akakaa, macho kwenye karatasi, hajui ni vipimo au ni talaka. Dakika kumi na mbili za namna hiyo simwombei adui.

Ilipogonga kumi na moja akainuka, akaiokota.

Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo yenyewe imechakaa, imeanza kutoboka kwenye pembe, ya karatasi iliyokaa mkobani wiki nyingi. Ndani kulikuwa na unyayo uliochorwa kwa penseli kufuata mguu, mrefu kuliko alivyoukumbuka. Vipimo vimeandikwa pembeni kwa mwandiko wa mkewe, safi, bila salamu. Na chini, kwa herufi kubwa za mtoto, na mshale mnene uliokandamizwa mpaka karatasi ikaingia ndani: *BABA MGUU MFUPI NI HUU. KUSHOTO. USIKOSEE TENA.*

Fundi akasoma, akafika kwenye neno la mwisho, akarudi nalo. Tena.

Karatasi hii haikuandikwa leo mlangoni. Iliandikwa nyumbani, wiki nyingi nyuma, wino wa vipimo umeshapauka. Basi walijua. Hospitali wana daftari lao, na siku ile ya ugomvi mkewe alifunguliwa ukurasa, akaonyeshwa kushoto, akarudi nyumbani kimya, akapika. Zaidi ya mwaka mzima Fundi ameilinda siri ile kwa chupa na bila chupa, ameibeba peke yake, na ndani ya nyumba aliyokuwa anaificha hakukuwa na mtu asiyeijua. Walikuwa wanamsubiri tu.

Akaosha kikombe chake kimoja. Akapangua viti, akamwaga maji ya watu sita, akafunga mlango. Nje hapakuwa na mtu. Aliangalia njia yote mpaka kwenye kona, kisha akaenda zake.

Kibandani hakuificha ile karatasi popote. Aliipigilia ukutani kwa misumari minne midogo, mbele ya kiti chake, mahali ambapo kila mteja atasoma na kuuliza. Akatoa kalibu kwenye sanduku, akaziweka mezani mbili. Sandukuni nyuma ya zile namba kubwa hakukuwa na kitu sasa, ila mkono wake ulipapasa kidogo, kwa mazoea, kabla ya kutoka. Akaketi. Akachukua chaki, akaweka alama, akairudia.

"Kushoto," akasema kwa sauti, ingawa kibandani hapakuwa na mtu.